Hela ya bati la mama imeingia darini

Mdogo wangu, umeuliza inakuwaje mtu anayeishi nyumba ya vigae huku Ujerumani ashindwe hela ya bati la mama. Nakujibu bila kuficha: imeingia darini.

Hapa Kassel rakuni, wanyama wa porini wanaopanda kama paka, ni wengi mno. Waliachiwa karibu na ziwa la Edersee mwaka 1934, wakazaana, na sasa wamehamia kwenye mapaa ya watu. Wetu alipanda kwa bomba la maji ya mvua, akasukuma kigae, akaingia. Chumba cha watoto kiko juu kabisa, dari lake limelala na mteremko wa paa. Nyuma ya jipsamu, katikati ya makombamoyo, kuna pamba ya kioo inayozuia joto lisitoke. Aliichomoa akajitandikia, kwingine akapafanya choo.

Nilijua siku theluji ilipoanguka. Paa lote jeupe, ila mstari mmoja mweusi juu ya kitanda cha mwanangu: joto tunalolilipia lilikuwa likiyeyusha theluji ya nje! Ndani ukutani ukungu umeshaota, na mtoto anakohoa.

Bima ilisema uharibifu wa aina hiyo haumo kwenye mkataba. Rakuni humwui hivi hivi, sheria ya uwindaji inakataza, tukamlipa mwenye kibali. Kinyesi chake huweza kuwa na mayai ya minyoo hatari, na pamba yenyewe ilikuwa ya miaka ya sabini, nyuzi zake zinashukiwa kuleta saratani. Basi barakoa, ovaroli, mifuko maalumu. Hata kuitupa unalipia.

Kuweka mpya tulifanya wenyewe, mimi na shemeji yako, Jumamosi nne. Unaikata izidi nafasi kwa sentimita moja, ijibane yenyewe. Kisha upande wa chumbani unatandaza karatasi ya kuzuia mvuke, kila kiungo unakiziba kwa utepe. Hapo hapana haraka. Pumzi za waliolala zina maji. Zikipenya hadi penye baridi zinageuka matone, na mbao zinaoza bila wewe kuona. Kona moja tuliibandua mara mbili.

Sikukwambia mapema kwa sababu niliona aibu, na hapo nilikosea. Mabati nitaanza kulipia mwezi wa tano, kumi kumi. Nitumie vipimo vya paa, na fundi asing'oe makuti kabla mzigo haujafika.