Anodi ni chanya ama hasi?

SWALI: Mwalimu, habari za kazi. Mi niko Senior 5 huku Kasese. Anodi na kathodi zinanichanganya kabisa, kitabu kimoja kinasema anodi ni hasi, kingine eti ni chanya, alafu kwa mtihani wakatuletea shaba na fedha, nikaandika shaba ni kathodi vile tulifanya na zinki, nikakosa maksi zote. Sasa nishike gani?

JIBU: Mdogo wangu, vitabu vyote viwili viko sawa. Kimoja kinaongelea seli ya galvani, ile inatoa umeme yenyewe, kingine elektrolisisi, pale unasukuma umeme ndani kutoka nje. Ukishika alama ya chanya au hasi tu utakwama kila mara. Shika hii: anodi ni pale elektroni zinapopotezwa, kathodi ni pale zinapopokelewa. Hiyo haibadiliki popote.

Angalia seli ya Daniell, ya tangu 1836: zinki ndani ya zinki salfeti, shaba ndani ya kopa salfeti. Zinki inaachia elektroni kirahisi kuliko shaba, kila atomu inaacha mbili kwenye kipande na yenyewe inaingia kwa maji, ndo maana kipande kinaliwa, na kwa vile elektroni zimebaki pale, pale panakuwa hasi. Kutoka hapo zinapita kwa waya mpaka kwenye shaba, ayoni za shaba, yaani atomu za shaba zilizopungukiwa elektroni ndani ya kopa salfeti, zinazipokea na kugandia pale pale. Mkipata nafasi maabara, pimeni vile vipande kwa mizani kabla na baada, iacheni ifanye kazi muda mrefu, zinki itakuwa imepungua, shaba imeongezeka, na ule ubluu wa kopa salfeti umepauka. Ukishaona hivyo kwa macho yako huwezi kusahau.

Voltimita pia inakuambia. Waya mwekundu kwa shaba, mweusi kwa zinki, inasoma karibu volti 1.10. Ukigeuza, ya namba inaweka alama ya kutoa mbele, ya mshale inagonga nyuma ya sifuri. Ikisoma vizuri, mweusi uko kwenye anodi.

Kwa elektrolisisi sasa, nyinyi wa karibu na machimbo ya Kilembe shaba mnaijua: kuisafisha, ile chafu inafungwa upande wa chanya, inanyang'anywa elektroni, inaliwa. Ni anodi, na ni chanya.

Tuje kwa mtihani wako. Shaba haijaandikiwa kuwa kathodi, inategemea imewekwa na nani. Potensheli, yaani namba ya volti inayoonyesha kitu kinavuta elektroni kiasi gani, ya shaba ni +0.34, ya fedha +0.80, yenye namba ya chini ndo inapoteza elektroni, kwa hiyo hapo shaba ni anodi. Volti ni 0.80 toa 0.34, yaani 0.46. Na usizidishe ile 0.80 mara mbili eti kwa sababu ayoni za fedha ni mbili kwa kila atomu ya shaba, wengi wanapotelea hapo. Kingine, wakichora anodi upande wa kulia usishtuke, kuiweka kushoto ni mazoea ya kuandika tu, wewe angalia namba.