Je, Kaseti ya Amy Grant Ichomwe? Jibu kwa Mama Mjane wa Tororo

Swali: Mchungaji, Bwana asifiwe. Mimi ni mjane, ninaishi Tororo, Uganda. Marehemu mume wangu, aliyekuwa askari, alituachia kaseti ya Amy Grant, mwimbaji wa Marekani, iitwayo Heart in Motion. Binti yetu wa miaka 15 huisikiliza kila jioni, hasa wimbo wa "Ask Me", na mara nyingine namkuta analia. Kiongozi wetu wa ushirika anasema huo ni muziki wa dunia, kwamba mwimbaji mwenyewe alimwacha mumewe, na kwamba kaseti ichomwe mbele ya washirika kabla binti hajaruhusiwa kurudi kwaya. Binti amekataa. Je, ni dhambi kuisikiliza?

Jibu: Bwana asifiwe sana, mama, na pole kwa ujane. Kusikiliza kaseti hiyo si dhambi, na msiichome. Ningeweza kuishia hapo, lakini hoja za kiongozi wenu nimezisikia katika vikundi vingi vya ushirika kuanzia Busia hadi Kampala, na barua yako ina jambo jingine ambalo naona halijaulizwa na mtu yeyote.

Albamu hiyo ilitoka mwaka 1991. Kabla yake Amy Grant alikuwa amejulikana kwa miaka mingi kama mwimbaji wa nyimbo za Kikristo, na waumini wengi huko kwao Marekani walimlaumu kwamba sasa ameuza wito wake kwa kampuni za dunia, hasa pale wimbo wa "Baby Baby" uliposhika nafasi ya kwanza katika Billboard Hot 100, chati ya nyimbo zinazovuma Marekani, mwezi wa Aprili mwaka huo. Wengi waliousikia walidhani ni wimbo wa tamaa. Mwimbaji mwenyewe ameeleza kwamba maneno yake yalimjia akitazama uso wa binti yake mchanga wa wiki sita. Nakubali kwamba video yake, iliyomwonyesha akicheza na kukumbatiana na kijana asiye mumewe, ilikwaza watu, na hata mimi singeitetea. Lakini ninyi mna kaseti ya kusikiliza tu, si video.

Hoja ya kwanza ni kwamba nyimbo nyingi za albamu hiyo hazimtaji Yesu. Ni kweli, nyingi hazimtaji, ingawa ule wa mwisho, "Hope Set High", unamtaja waziwazi. Lakini mtu anayefanya kutajwa kwa jina kuwa mizani atafanya nini na Kitabu cha Esta, ambacho katika Kiebrania chake hakimtaji Mungu hata mara moja? Atafanya nini na Wimbo Ulio Bora, unaosifu mapenzi ya mume na mke bila haya? Kwa upande mwingine, watu ambao Mungu aliwaambia kwa kinywa cha Amosi kwamba hataki kusikia kelele za nyimbo zao walikuwa wakiimba nyimbo za ibada, huku wakimkandamiza maskini langoni. Wimbo unaotaja jina takatifu unaweza kukataliwa, na wimbo wa mama kwa mtoto wake mchanga unaweza kupokewa kwa shukrani. Sisemi kwamba kila wimbo wa albamu hiyo unafaa kuimbwa kanisani Jumapili. Mengi tunayoyafanya nyumbani kwa dhamiri safi hayana nafasi madhabahuni, wala hatuyaiti dhambi kwa sababu hiyo.

Wanaodai kwamba mdundo wenyewe ni wa dunia wakumbuke kwamba wamishonari wengi waliwahi kusema hivyohivyo kuhusu ngoma zetu. Mwaka 1964, Mashahidi wa Uganda walipotangazwa watakatifu huko Roma, mtunzi Joseph Kyagambiddwa aliwatungia muziki uliojengwa juu ya nyimbo za Baganda.

Kuhusu ndoa, ni kweli kwamba Amy Grant aliachana na mumewe mwaka 1999 na kuolewa tena mwaka 2000. Sisemi kwamba jambo hilo ni dogo. Lakini kama dhambi au anguko la mwimbaji hufuta wimbo aliouimba miaka minane kabla, basi kiongozi wenu aanze kwa kung'oa Zaburi za Daudi, na ile ya 51 aing'oe kwanza, maana iliandikwa baada ya uzinzi na mauaji.

Na huko kuchoma, bila shaka anategemea habari za Efeso katika Matendo ya Mitume sura ya 19. Asome tena. Vilivyochomwa pale vilikuwa vitabu vya uganga, na waliovichoma ni wenye navyo, kwa toba yao wenyewe. Hakuna mtume aliyemnyang'anya yatima kumbukumbu ya baba yake na kuitia moto mbele ya mkutano. Kusema kweli, ombi hilo limenikasirisha.

Sasa mama, nisikilize kwa utulivu. Wimbo wa "Ask Me" unasimulia habari za msichana aliyedhulumiwa kingono utotoni, ukiuliza Mungu alikuwa wapi katikati ya aibu yake, na ukijibu kwamba alikuwa papo hapo katikati ya maumivu hayo. Binti yako anaurudia wimbo huo kila jioni na analia. Inawezekana kabisa kwamba anamlilia baba yake, na kaseti ni sauti ya nyumba ilivyokuwa akiwa hai. Inawezekana pia kwamba kuna mwenzake shuleni aliyemweleza jambo. Siwezi kujua, na wewe usikimbilie kuhukumu. Lakini keti naye mkiwa wawili tu, msikilize wimbo huo pamoja, umwombe akueleze unamgusaje, kisha unyamaze umsubiri, hata kama hatasema lolote jioni hiyo.

Akikwambia ametendewa ubaya, mwamini. Usimuulize alivaa nini wala kwa nini alikawia kusema. Mpeleke hospitali upesi, na uende polisi kwenye kitengo cha ulinzi wa mtoto na familia, au upige simu ya watoto ya Sauti 116, ambayo ni ya bure. Watakuja wazee na mbuzi au ng'ombe wa fidia ili mambo yaishe kimyakimya. Uwakatalie, hata wakiwa ndugu. Na usikubali asimamishwe kwenye ushirika atoe ushuhuda au atangaze msamaha. Desturi yetu walokole ya kuungama hadharani imewafungua wengi, lakini anayeungama ni mkosaji, na mtoto aliyekosewa hana cha kuungama.

Jambo la kwaya linaweza kungoja. Ukiniruhusu, nitamwandikia mchungaji wenu mimi mwenyewe kuhusu kuchomwa kwa kaseti, na katika barua hiyo sitautaja wimbo wala machozi ya binti.