Mashine mbili, kelele ileile

Meseji kuhusu watoto wenye koklea, ile mashine ya kusikia yenye waya unaopandikizwa ndani ya sikio, zimejaa, nachukua chache tu.

*Mwanangu ana koklea masikio yote mawili, nyumbani ananisikia vizuri, darasani anaambulia nusu. Mashine mbovu? (Mama, Mwanga)*

Sio mbovu mama. Sikio zima lina seli za kusikia kama 15,000, waya wa koklea una elektrodi (vidoti vya umeme vinavyoamsha mshipa wa kusikia) 12 mpaka 22 hivi, kwa hiyo neno linafika limekonda, kukiwa kimya ubongo unajaziajazia, kelele ikiingia hana cha kujazia. Mbili zinasaidia kwa vile kichwa chenyewe kinakinga: bodaboda ikinguruma kushoto, sikio la kulia linampata ticha kidogo. Ila kelele ikitokea kulekule mbele kwa ticha faida inapungua sana. Na madarasa yetu haya, bati tupu bila silingi bodi, mvua ya Kigoma ikianza hata mimi niliyezaliwa nasikia siambulii kitu. Sauti ya ticha inatakiwa izidi kelele kwa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 15 hivi, sasa ukipunguza umbali kwa nusu unapata kama 6 za bure, kwa hiyo akae mbele, mbali na dirisha la barabarani. Mfuko ukiruhusu tafuta kile kimaiki anachovaa ticha kinarusha sauti moja kwa moja kwenye mashine, hicho kinashinda maneno yangu yote. Na nyumbani zimeni hiyo sabufa!

*Tukienda sokoni nimpandishie sauti? (Baba, Ujiji)*

Hapana. Unapandisha na kelele. Nimeshalijibu hili mpaka nimechoka.

*Mjukuu aliwekewa koklea la kwanza na miaka 2, la pili na 9, hili la pili analivua kila saa. (Bibi, Kasulu)*

Shikamoo bibi. Ubongo wake umezoea upande mmoja miaka 7, la pili linamkera tu, na pengine halitalifikia la kwanza. Kila siku alivae hilo peke yake kidogo, kukiwa kimya, umsimulie hadithi. Wanaovalisha moja "kuokoa betri" sitaki hata kuwasikia.

*Namuuliza umeelewa, anasema ndiyo, daftari tupu. (Mwalimu, Buhigwe)*

Ticha, muulize "nimesemaje?"

*Akijifunza lugha ya alama si atagoma kuongea? (Mama, Kibirizi)*

Nani kakwambia? Mashine zikivuliwa huyo ni kiziwi. Mpo ziwani anaogelea, zote mbili ziko kwenye mkoba wako, utamwita kwa filimbi?