Mvuke haufui: kwa wadogo zetu mnaoanza kazi ya makochi na mazulia Dodoma

Vumbi la Julai likianza tu, mashine mpya za mvuke zinaanza kupanda bodaboda kutoka Ilazo hadi Nzuguni. Wiki mbili baadaye tunaitwa kurekebisha kochi lile lile: kiti kimoja kina duara la kahawia katikati, kingine kina pembetatu inayong'aa kama suruali iliyounguzwa na pasi. Wadogo zetu, tunawapenda, lakini mnatuchosha. Mengi ya haya mlishaambiwa mkiwa mmeshika ndoo, mkaitikia "sawa bro", kisha mkaenda kufanya kinyume.

1. Mvuke unalegeza uchafu, hauuondoi. Mashine ya nyumbani ya kawaida ina wati 1,500 hivi, tangi la lita 1 na presha ya bar 3 au 4. Chukua kapeti la futi 6 kwa 9, ligawie lita hiyo moja yote: kila futi ya mraba haipati hata vijiko vinne vya chai. Halafu mashine yenyewe hainyonyi. Ile kubwa ya kunyunyiza na kunyonya inapitisha maji lita kwa lita na kuyarudisha kwenye tangi yakiwa rangi ya mtori, ndiyo maana inaosha. Ya mvuke inategemea kitambaa mkononi mwako. Kilichoingia kwenye kitambaa kimetoka. Kilichobaki kwenye kapeti kiko pale pale, ila sasa kimelowa.

Kwa hiyo mteja akiuliza "ya mvuke inafanya kazi?", mjibu kwa kituo. Kwenye doa dogo la juu, harufu ya kukaliwa, bigijii, nta ya mshumaa na kunguni wa kwenye mishono, ndiyo. Kwenye kapeti la sebuleni lililokanyagwa miaka mitatu bila kufuliwa, hapana, na usimdanganye mama wa watu.

Na msitishwe na namba za kwenye boksi. Ndani ya tangi kuna presha, joto linapita nyuzi 100. Mvuke ukishatoka mdomoni mwa mashine, presha imekwisha. Dodoma tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, sufuria wazi inachemka kwenye nyuzi 96 hivi, na mvuke nao unashukia hapo hapo kisha unaendelea kupoa kadiri unavyosafiri. Ukisimama shibiri moja mbali na kitambaa unapuliza ukungu tu.

2. Vumbi kwanza, kavu kabisa. Vumbi letu jekundu likikutana na unyevu linakuwa tope, na tope likikauka kwenye mizizi ya nyuzi mtalisugua hadi Krismasi. Lipindue zulia juu ya turubai, lipige mgongoni, kisha linyonye pande zote mbili taratibu kwa mashine ya kunyonya vumbi. Kabla ya kuwasha mvuke, weka karatasi nyeupe chini ya kona na ugonge mgongo wa zulia kwa kiganja. Karatasi ikipata wekundu, rudi kwenye kunyonya. Kwenye kochi toa mito yote, ingiza mdomo mwembamba kwenye mifereji. Humo kuna karanga, pini, sarafu, na mara nyingi rimoti iliyotafutwa tangu Pasaka.

3. Jua unagusa nini. Makochi ya kutoka nje huwa na herufi kwenye lebo: W unaruhusiwa maji, S dawa isiyo ya maji tu, WS vyote viwili, X kunyonya vumbi basi. Kochi la fundi wa mtaani halina lebo, kwa hiyo chomoa uzi mmoja kutoka chini (chini, jamani, si kwenye mkono wa kochi mbele ya mwenye nyumba) uuchome nje. Ukinuka nywele zilizoungua ni sufu: joto, unyevu na kusugua vitaifanya ijikunje. Ukinuka karatasi ni pamba au viskosi (uzi laini unaotengenezwa kwa mbao), na viskosi ikilowa inakuwa dhaifu kama tishu. Ukiyeyuka na kuacha kishanga kigumu ni poliesta au jamii yake. Kisha sugua kitambaa cheupe chenye unyevu mara kumi mahali pa siri. Rangi ikihama, funga mashine. Ngozi halisi na mbao zenye vanishi msizipige mvuke: ngozi inakakamaa, vanishi inaingia ukungu mweupe.

Ile pembetatu inayong'aa inatoka hapa. Manyoya ya velveti ya poliesta yanaanza kulainika kwenye nyuzi 70 hadi 80. Ukiyakandamiza na mdomo wa mashine yakiwa moto, yanalala, yanapoa, na yanabaki yamelala, kama marinda ya sketi. Wakati mwingine yanainuka ukipuliza mvuke bila kugusa huku ukibrashi kinyume. Wakati mwingine hayainuki, na hapo mnanunua mita mbili za kitambaa.

4. Duara la kahawia. Hapa tusijifanye malaika: sisi tuliowatangulia tumelifanya kosa hili sote, na tumelifanya tukijiona mabingwa. Linakwenda hivi. Kuna doa la chai ya maziwa katikati ya mto wa kukalia. Fundi anavalisha mdomo mwembamba, anausogeza karibu, anaganda pale sekunde ishirini. Doa linafifia machoni pake! Anaongeza ishirini nyingine. Doa limekwisha. Mama mwenye nyumba anasema "Mungu awabariki wanangu", analipa, fundi anaondoka kifua mbele.

Doa halikwisha, limeshuka. Mvuke ulipogusa kitambaa baridi uligeuka maji, na maji yakabeba chai, vumbi na mabaki ya sabuni ya unga ya miaka yote kuyapeleka kwenye sponji. Sasa hewa ya Dodoma ya Agosti ni kavu, sehemu ya juu inakauka upesi. Inapokauka, maji ya chini yanapanda kwenye nyuzi kama mafuta ya taa kwenye utambi, na yamebeba mzigo wao wote. Yakifika juu yanaruka hewani, mzigo unabaki, na unabaki zaidi pembeni pale unyevu ulipokutana na pakavu. Asubuhi kuna duara lenye ukingo mkali kama ramani ya ziwa, kubwa kuliko doa la jana. Na protini ya maziwa imeshaiva kwa joto, imeshika uzi.

Simu inapigwa: "Mwanangu, hebu njoo uone." Na hapa ndipo aibu yetu halisi ilipo, kwa sababu tulirudi na mvuke ule ule. Duara la pili likawa kubwa kuliko la kwanza. Tukaleta dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, duara likawa la njano na kitambaa kikapoteza rangi. Mto ule haukuhitaji joto zaidi, ulihitaji kunyonywa.

Tiba yake ni hii. Usiloweshe doa peke yake. Lowesha uso wote wa mto, mshono hadi mshono, kwa chupa ya kupulizia yenye maji baridi na kijiko kimoja cha chakula cha siki nyeupe kwa lita. Nyonya kwa ile mashine kubwa ya kunyunyiza na kunyonya, kisha pitisha mara tatu au nne bila kunyunyiza. Kunja taulo jeupe mara nne, liweke juu, weka tofali lililofungwa kwenye mfuko wa nailoni, acha usiku kucha. Kinachopanda kitaishia kwenye taulo. Zipu ikiwepo, vua foronya ufue, na sponji ikauke peke yake.

Na kinga: mate ya kwanza ya mashine yatemee ndooni, maana bomba likiwa baridi linatoa maji badala ya mvuke. Funga mdomo kwa kitambaa cheupe cha pamba, tembea, usikae mahali pamoja zaidi ya sekunde mbili au tatu, geuza upande safi kila kinapochafuka. Kiganja kikigusa kochi kihisi unyevu tu; kikilowa, umezidisha.

5. Madoa kwa kifupi. Damu, maziwa, mayai, mkojo: maji baridi, kamwe joto. Mvinyo mwekundu wa hapa kwetu: gandamiza taulo, maji baridi, sabuni laini kidogo, usisugue. Nta na bigijii: mvuke sekunde chache, kisha inua kwa mgongo wa kijiko. Sabuni ikizidi inabaki inanata, na kochi litachafuka upya haraka kuliko mwanzo.

6. Kunguni ndiyo kazi ambayo mvuke unaifanya kwa heshima, hasa kwenye vitanda na makochi ya hosteli. Lakini taratibu: sentimita 30 kwa sekunde 10 hadi 15, mdomo mpana, presha chini, maana mdomo mwembamba unawapeperusha wakiwa hai hadi chumba cha jirani. Ukipima kwa kipimajoto kisichogusa mara tu unapopita, juu ya kitambaa paonyeshe nyuzi 70 kwenda juu. Joto haliingii ndani ya mbao wala katikati ya sponji, kwa hiyo panga kurudi ndani ya wiki mbili, mayai yaliyobaki yakiwa yameshaanguliwa. Utitiri wa vumbi, vile vijidudu vidogo vya kwenye vumbi la nyumbani, ni habari nyingine. Wao wanaishi kwa unyevu wa hewa, wanastarehe Tanga na Dar kuliko hapa kiangazi, na hata wakifa mizoga na kinyesi chao ndivyo vinavyopigisha chafya. Nyonya baada ya kukauka.

7. Kukausha: feni, na madirisha ya upande wa upepo yafungwe, la sivyo kochi bichi linapakwa vumbi jipya.

8. Mashine yenyewe. Waya wa kuunganishia usiwe mwembamba na usiwashwe ukiwa umeviringishwa, unachemka. Maji ya visima vyetu yana chokaa. Mmeona ukoko mweupe kwenye birika za nyumbani, na ndani ya tangi ni vivyo hivyo, hadi mashine inatema vipande vyeupe kwenye kochi jeusi. Hifadhini maji ya mvua ya Desemba hadi Aprili, yachujwe. Kabla ya kutoa ukoko someni kijitabu cha mashine. Nyingi zinakubali asidi ya limau gramu 20 hivi kwa lita, iloweke mashine ikiwa imezimwa, kisha suuza mara tatu. Manukato na sabuni haviingii tangini.

Na kifuniko. Chomoa umeme, bana kitufe mpaka mvuke uishe, subiri robo saa. Zungusha nusu tu, usikilize. Kikilia fsss, kirudishe, nenda kanywe chai kwanza.