Mama kaanza kutunga uzi bila miwani, amepona?

SWALI: Shikamoo dokta. Mama yangu ana miaka 63, fundi cherehani hapa Mwanga, Kigoma. Miwani ya kusomea kavaa miaka kama 15 hivi, bila hiyo hata uzi kwenye sindano alikua hatungi. Sasa toka mwaka jana mwishoni kaiweka kabatini, anasoma Biblia macho matupu na sindano anatunga mwenyewe, anasema ni dawa ya majani aliyopewa na jirani anadondoshea machoni. Tumefurahi ila juzi tumeenda Kibirizi kupokea mzigo wa dagaa hakumtambua dada yake mpaka alipofika karibu kabisa, na usiku taa za bodaboda anasema zinamtawanyikia. Huku ndo kupona?
Binti wa fundi, Kigoma

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza hiyo dawa ya majani aache leo, sio kesho. Nakuomba sana. Vitu hivyo vinaweza kuleta kidonda kwenye kioo cha mbele cha jicho na kidonda hicho kinapofusha kabisa.

Na sio hiyo dawa iliyomuonesha sindano. Nyuma ya mboni kuna lenzi, utotoni ni laini, inajinenepesha yenyewe ukiangalia kitu cha karibu. Lakini haina mishipa ya damu na chembe zake kuukuu hazitoki, mpya zinajipanga juu ya za zamani maisha yote, kwaiyo inazidi kua nene, ngumu na ya njano. Mwaka 1950 mtaalamu wa macho Hofstetter alitoa hesabu rahisi tu, chukua 18.5 toa umri mara 0.3, unapata nguvu ya jicho ya kuvuta karibu kwa diopta, yaani kipimo cha nguvu ya lenzi. Mtoto wa miaka 10 anapata 15.5, ndo maana anasoma daftari karibu liguse pua, wa miaka 40 anapata 6.5, wa 60 kabaki na nusu. Mpigie mama yako hiyo hesabu, inashuka chini ya sifuri. Na kusoma Biblia ikiwa sentimita 33 kutoka usoni kunataka diopta 3! Kazitoa wapi?

Kazitoa kwenye lenzi hiyo hiyo. Kiini chake kimekazana mpaka kinapinda mwanga kuliko zamani, jicho limegeuka kua la karibu na la mbali limepotea, ndo maana dada yake kampita pale Kibirizi. Huyo ni mtoto wa jicho anaanza, na zile taa kutawanyika ni ukungu wake. Ila apimwe na sukari, maana sukari ikipanda nayo inaweza kubadilisha jicho hivi hivi tena kwa siku chache.

Mpeleke hospitali ya Maweni, uliza kitengo cha macho. Watamsomesha herufi za mbali, jicho moja moja, wamjaribishie na lenzi za kuonea mbali. Afu watamuwekea matone ya kupanua mboni na kumuangalia kwa mashine yenye mwanga mwembamba, unakata lenzi kama wembe, hapo rangi na ukungu wa kiini vinaonekana wazi. Kuna picha za mfano za mwaka 1993 zinaitwa LOCS III, kiini kinapewa alama kuanzia 0.1 mpaka 6.9. Kama kuna daktari anayezitumia muombe aiandike kwenye kadi, mwakani mkirudi mtajua imepanda kiasi gani. Usimuache aende peke yake, baada ya matone ataona ukungu masaa kadhaa.

Kama miwani ya mbali inamtosha basi avae aendelee na kazi, hamna haja ya kukimbilia upasuaji. Siku ikifika waambieni mapema kua ni fundi, maana kabla ya kumpasua wanapima urefu wa jicho kwa mawimbi ya sauti ndo wachague lenzi ya plastiki ya kumuwekea, na wanaweza kuchagua ya kumuachia karibu, sindano akatunga mwenyewe, miwani ikabaki ya kuangalia mbali tu.