Maswali ya Wasomaji: Viwanja hewa kwenye ramani za marubani

SWALI: Programu ya ramani za ndege kwenye simu yangu inaonyesha kiwanja cha ndege karibu na kijiji chetu, kimeandikwa TZ na tarakimu nne. Pale ni shamba la mahindi. Kimetoka wapi, na kitaondokaje?
Msomaji, Arusha

JIBU: Anza na hiyo namba. Alama za ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, kwa viwanja vya Tanzania ni herufi nne zinazoanza na HT. Cha Arusha ni HTAR. TZ na tarakimu nne hutoka OurAirports, kanzidata inayojazwa na watu wa kujitolea, ambayo programu nyingine huchota humo. Namba hiyo haithibitishi kwamba kuna aliyefika na kupima.

Kabla hujasema hakipo, chunguza kama kimewekwa pasipo pake. Kiwanja cha Arusha kipo digrii 3 dakika 22 Kusini, digrii 36 dakika 37 Mashariki. Dakika hugawanywa kwa 60, kwa hiyo kwa desimali ni -3.367 na 36.617. Mtu akizinakili dakika zilivyo, -3.22 na 36.37, kiwanja kinahama kama kilomita 32 hadi upande wa Monduli. Akisahau alama ya kutoa, kinatua kaskazini mwa Kenya, mashariki ya Ziwa Turkana! Wakati mwingine ni kiwanja cha zamani cha shamba au mgodi kilichokwisha kulimwa, au mtu ameona njia ya kuzuia moto kwenye picha ya setilaiti akadhani ndege hutua.

Fungua Google Earth Pro kwenye kompyuta, bonyeza alama ya saa, urudi nyuma picha moja moja. Tafuta mstari usiopinda, mpana kuliko barabara ya kijiji, wenye mamia ya mita. Pima na mwelekeo: njia ya kurukia iliyoandikwa 09/27, yaani digrii 90 na 270 za dira, lazima ilale mashariki–magharibi. Kisha tazama AIP, kitabu rasmi cha taarifa za anga, ingawa vijiwanja vingi vya binafsi havimo.

Kama kiliwahi kuwepo, usiwaombe OurAirports wakifute. Omba kiwekwe kwenye kundi la vilivyofungwa, maana kikifutwa, mwingine mwenye orodha ya zamani atakirudisha. Andika tarehe ya picha, kilichopo sasa, na umbali wa kiwanja halisi kama umekipata.

Usilipuuze kosa hili. Ndege ndogo ya Cessna 172 iliyo futi 3,000 juu ya ardhi, injini ikizima, huteleza kama kilomita 8 tu. Rubani akibonyeza kitufe cha kiwanja cha karibu, akaelekezwa kwenye mahindi yenu, hana tena kimo cha kugeukia kwingine. Ukishatuma sahihisho, sasisha programu, uhakikishe alama imebadilika. Zipo zinazobaki na nakala ya zamani kwa miezi.