Mekapu ya jukwaani na ya kila siku: taa ndiyo inayoamua

Mleta mada anauliza kama faundesheni anayopaka kwenda kazini inafaa pia kwa igizo, na kwa nini kwenye kioo alipendeza ila chini ya taa uso ukawa bapa kama sahani.

Faundesheni yenyewe inaweza kufaa. Shida iko kwenye vivuli. Mwanga wa dirishani huja upande mmoja, kwa hiyo pua na mashavu yanaonekana yenyewe. Taa za jukwaani hukumulika kutoka pande kadhaa kwa pamoja na kufuta vivuli hivyo vyote. Kazi yako ni kuvirudisha kwa mkono, na kuvikoleza ili hata aliye safu ya nyuma avione. Ndiyo maana mekapu nzuri ya jukwaani ukiitazama kwa karibu inatisha kidogo. Usiipunguze kwa sababu ya kioo. Mwambie mtu aende akae nyuma kabisa akutazame taa zikiwa zimewashwa.

Msingi wa uso ni ule ule. Osha, paka losheni nyepesi, subiri kama dakika 5 iingie. Kwa siku ya kawaida, faundesheni ya ukubwa wa punje ya njegere hutosha watu wengi. Kwa jukwaa paka tabaka mbili nyembamba, ukipigapiga kwa sponji yenye unyevu. Tabaka moja nene hupasuka kwenye mikunjo ya kinywa ukianza tu kusema maneno yako. Ikijiviringa kuwa vijichembe, angalia praima, ile krimu inayotangulia faundesheni: ya silikoni chini ya faundesheni ya maji mara nyingi hazishikani. Viambato vinavyoishia na -cone au -siloxane ni silikoni.

Rangi nzito za mafuta za waigizaji ni habari nyingine. Zina historia ndefu. Mwimbaji wa opera Ludwig Leichner alianzisha kiwanda chake cha rangi hizo Ujerumani mwaka 1873. Hazikauki zenyewe, kwa hiyo bila poda zitahamia kwenye kola. Bonyeza poda kwa pafu (kile kitambaa laini cha kupakia poda), usisugue, iache kama dakika moja, kisha fagia iliyozidi kwa brashi laini. Jasho likija, gusa kwa tishu. Ukifuta, umeondoa kazi yote. Sizipendekezi kabisa kwa matumizi ya kila siku: ni nzito na huziba vinyweleo.

Kwa ngozi nyeusi, iogopeni poda nyeupe inayouzwa kwa jina la "isiyo na rangi". Huacha majivu, na kwenye flashi ya kamera inakuwa balaa. Tumia yenye rangi ya ngozi yako. Sehemu za kung'arisha ziwe za dhahabu au karameli, si nyeupe. Vivuli viwe kahawia iliyokolea yenye wekundu ndani yake, maana kijivu humfanya mtu aonekane mgonjwa.

Kumzeesha mwigizaji ndiko wengi wanakoharibu, kwa kuchora mistari ya wanja mweusi. Kutoka mbali inaonekana kama uchafu. Mwambie akunje uso, uone mikunjo yake mwenyewe inapopita. Chukua ule unaoshuka kutoka puani hadi pembe ya mdomo: weka kahawia ndani ya bonde lenyewe kwa brashi nyembamba, kisha rangi angavu kwenye nyama iliyoinuka kando yake. Pale kahawia na angavu zinapokutana, acha ukingo uwe mkali. Upande wa pili wa kahawia, vuta kwa kidole mpaka ipotelee kwenye ngozi. Ukififisha pande zote mbili, mkunjo hautaonekana. Ukiacha zote kali, umechora kamba.

Halafu muulize fundi taa anatumia rangi gani. Taa nyekundu humeza blashi (rangi ya mashavu) na rangi ya mdomo. Ya kijani na ya bluu hugeuza nyekundu kuwa kama nyeusi, na mashavu yanaonekana yamebonyea. Jaribu chini ya taa zenyewe, si chumbani.

Kutoa: paka mafuta au krimu ya kusafishia kwenye uso mkavu, kanda kama dakika moja, futa, ndipo uoshe kwa sabuni laini. Ukianza na maji, rangi ya mafuta husambaa tu. Ndevu bandia usizing'oe. Lainisha gundi kwa dawa yake mpaka ziachie zenyewe. Gundi hiyo ijaribu kwanza upande wa ndani wa mkono kwa saa 24. Maskara na wanja kila mtu awe na vyake, hata kama kikundi kina sanduku moja, na maskara iliyofunguliwa itupwe baada ya miezi 3. Brashi zikioshwa, zilaze zikauke. Ukizisimamisha, maji hushuka kwenye shina, gundi inaachia na nywele zinaanza kubaki usoni.